Maswali Yenu: Rubani Anaamuaje?

SWALI: Wataalamu, shikamooni. Najifunza urubani na nimefikisha saa 42 za kuruka. Kila nikiteleza mwalimu wangu ananiambia, "Tumia busara." Busara hiyo naipataje, na nitajuaje kwamba safari fulani ni ya kuahirisha?

JIBU: Marahaba. Busara ya rubani kwa sehemu kubwa ni namba alizoandika akiwa chini, ametulia, injini imezimwa. Ukiwa angani, redio inakuita, ndege inatikisika na mawingu yanashuka, kichwa hakipigi hesabu vizuri. Kazi ya huko iwe kulinganisha tu: niliandika hivi, naona hivi.

Panga hatari katika mafungu manne: wewe mwenyewe, ndege, mazingira, na shinikizo la nje. Katika kila fungu weka kikomo chenye namba. "Upepo usiwe mkali" si kikomo. "Upepo wa ubavuni usizidi noti 8 (noti ni kipimo cha mwendo, kama kilomita 1.85 kwa saa) mpaka nifikishe saa 100" ni kikomo.

Tuchukue mafuta. Safari ni ya saa 2 na ndege inakunywa lita 34 kwa saa, kwa hiyo njiani utatumia lita 68. Weka lita 6 za kuwasha, kutembea chini na kupanda. Weka 17 za kwenda uwanja wa akiba ulio nusu saa mbali. Akiba ya mwisho, sheria ya Marekani kwa ndege ndogo inayoruka mchana kwa kuona nje inataka dakika 30. Tunakushauri uweke saa nzima, yaani lita 34. Jumla ni 125. Sasa andika namba ya pili, ambayo wengi huisahau: nusu ya njia lazima ubaki na lita 85. Ukikuta 78, shuka uwanja ulio karibu ukaongeze, hata kama unakoenda si mbali. Na kabla ya kuondoka pima tangi kwa kijiti. Vipimo vya mafuta kwenye ndege ndogo si vya kutegemea peke yake.

Joto nalo lina hesabu yake. Hewa ya kawaida ni nyuzi 15 za Selsiasi usawa wa bahari, na hupungua nyuzi 2 kwa kila futi 1,000. Uwanja ulio futi 5,000 ungetegemewa kuwa na nyuzi 5. Ukikuta 30, zimezidi 25, na kila nyuzi iliyozidi ni kama kukuongezea futi 120. Injini na mabawa yatafanya kazi kana kwamba uko futi 8,000. Fungua jedwali la ndege kwa 8,000, usome urefu wa njia ya kurukia unaouhitaji ili upae, kisha uulinganishe na njia iliyo mbele yako.

Fungu la nne, shinikizo la nje, ndilo linaloua kimyakimya, kwa sababu halionekani kwenye kipimo chochote. Wanaokusubiri waambie kabla hujaondoka: "Nikichelewa, nitakuja kesho." Ukishalitamka hilo, kugeuka njiani hakukugharimu aibu.

SWALI: Rafiki yangu ana leseni ya kuruka kwa kuona nje tu. Anasema kawingu kadogo unakipita kwa kushikilia usukani sawasawa. Ni kweli?

JIBU: Si kweli. Tunaomba umsomee jibu hili.

Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwapima marubani 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa vyombo, yaani kwa kutazama vipimo tu, katika hali ya kutoona nje. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege. Wastani ulikuwa sekunde 178, haujafika hata dakika 3.

Chanzo ni sikio la ndani. Majimaji yaliyomo humo hukuambia umeanza kuzunguka, lakini mzunguko ukiendelea bila kubadilika kwa sekunde kama 20, yanatulia na mwili unaamini uko sawa. Ndege imelala upande, pua inashuka, mwendo unaongezeka. Rubani anasikia mwendo huo, anavuta usukani ili apande. Kwa kuwa mabawa yamelala, kuvuta kunakaza mzunguko badala ya kuinua ndege. Akifanikiwa kuyanyoosha mabawa, sikio linamwambia anapinda upande wa pili, naye anarudi kule kule alikotoka.

Akijikuta ndani ya wingu, macho yabaki kwenye chombo chenye upeo wa macho wa kuchorwa. Kwanza anyooshe mabawa. Nguvu ya injini asiiguse. Kisha apinde polepole, nyuzi 3 kwa sekunde, kwa sekunde 60, na atakuwa amegeuka kabisa kurudi kwenye anga aliloliacha likiwa wazi. Mwelekeo wa kurudi apate kwa kujumlisha 200 na kutoa 20: aliyekuwa anaelekea 070 atarudi kwa 250. Redio baadaye. Ila uamuzi mzuri zaidi ni wa kabla ya hapo: ukiona umeshuka mara ya pili kukwepa mawingu, geuka papo hapo.

SWALI: Injini ikizima mara tu baada ya kupaa, kwa nini tunakatazwa kurudi uwanjani wakati uko nyuma yetu tu?

JIBU: Kwa sababu kugeuka nusu duara hakukurejeshi kwenye njia. Kunakuweka pembeni yake, hivyo lazima uendelee kupinda kuifuata, kisha upinde tena upande wa pili kujinyoosha. Sekunde 4 za kwanza zimeshapotea kwenye mshangao. Na ukiilaza ndege nyuzi 45, mwendo ambao mabawa huacha kuibeba unapanda kwa karibu asilimia 19: kama ulikuwa noti 48, sasa ni 57, karibu sana na mwendo wako wa kuelea bila injini. Hapo ndipo ndege huanguka kwa pua.

Kabla ya kusukuma nguvu, jisemee kwa sauti: "Chini ya futi 1,000 kutoka ardhini, natua mbele, nyuzi 30 kushoto au kulia." Injini ikizima, sukuma pua chini kwanza.

SWALI: Kwenye ndege kubwa kapteni ndiye mkuu. Rubani msaidizi afanye nini akiona mkubwa wake anakosea?

JIBU: Tarehe 28 Desemba 1978 ndege ya shirika la United, safari namba 173, ilizunguka karibu na Portland, Marekani, kwa takriban saa nzima, marubani wakishughulikia hitilafu ya magurudumu. Wenzake kapteni walitaja mafuta, lakini kwa upole mno. Injini zikazima. Kati ya watu 189, 10 walikufa. United ilianzisha mafunzo ya kushirikiana ndani ya chumba cha marubani mwaka 1981, na leo ni sehemu ya kazi duniani kote.

Wasaidizi hufundishwa sentensi yenye mpangilio: mwite, taja wasiwasi, taja unachokiona, pendekeza, omba jibu. "Kapteni, nina wasiwasi na mafuta. Yamebaki ya dakika 15. Napendekeza tutue sasa. Unakubali?" Swali la mwisho ndilo lenye uzito, maana mkubwa hawezi kulipita bila kujibu. Katika mashirika mengi, akiitwa mara mbili asijibu, msaidizi anashika usukani.

SWALI: Nina mafua. Nikinywa dawa ya kukausha kamasi naweza kuruka jioni?

JIBU: Hapana. Dawa nyingi za aina hiyo huleta usingizi, na masikio yaliyoziba yanaweza kuuma vibaya ndege ikishuka. FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, inashauri kusubiri mara 5 ya muda kati ya dozi na dozi. Dawa ya kila saa 6 ni saa 30 tangu dozi ya mwisho, na hayo ni iwapo mafua yenyewe yamekwisha.