Kugawana kumbukumbu ya keneli na programu: pale virt_to_phys inapopotosha

SWALI: Assalaam aleikum, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kompyuta, mwenyeji wa Kizimkazi. Tunatega maikrofoni nne chini ya maji katika Ghuba ya Menai ili kurekodi sauti za pomboo, na nimeandika draiva ya Linux (programu inayoendesha kifaa ndani ya keneli, yaani kiini cha mfumo) inayoweka sauti hizo katika bafa, eneo la kumbukumbu la kuwekea data kwa muda, la KB 256 nililoliomba kwa vmalloc. Nataka programu mbili, ya kurekodi na ya kuchora mawimbi, zilisome bafa hilo moja kwa moja kwa njia ya mmap, yaani kulifungua ndani ya anwani za programu yenyewe. Nimetumia remap_pfn_range, inayofungulia programu kurasa zinazofuatana za kumbukumbu halisi, pamoja na virt_to_phys, inayogeuza anwani pepe ya keneli kuwa anwani halisi. Ombi linakubaliwa bila kosa, lakini programu zinasoma takataka, na mara nyingine mashine inaganda. Tatizo liko wapi?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Tatizo liko katika anwani. Kazi ya vmalloc ni kuokota kurasa zilizotawanyika katika kumbukumbu halisi na kuzipanga zifuatane katika anwani pepe za keneli tu, ilhali virt_to_phys hufanya hesabu nyepesi ya kutoa, inayofaa kwa kumbukumbu iliyopatikana kwa kmalloc na mfano wake. Ukiipa anwani ya vmalloc, inakurejeshea nambari ya mahali pasipo pako, wala hailalamiki. Tena, hata kama ukurasa wa kwanza ungepatikana sawasawa, remap_pfn_range ingechukua kurasa 63 zinazoufuata katika kumbukumbu halisi (KB 256 ni kurasa 64 za KB 4), ambazo huenda zimebeba neno la siri la mtu mwingine. Kwa hiyo lichukulie jambo hili kuwa ni tundu la usalama, si hitilafu ya sauti peke yake.

Omba bafa kwa vmalloc_user, ambayo hukupa kurasa zilizokwisha kufutwa na kujazwa sifuri, kisha ndani ya mmap ya draiva yako ita remap_vmalloc_range. Hii hukagua yenyewe kwamba programu haikuomba zaidi ya ukubwa wa bafa, na hushikilia kila ukurasa kwa hesabu ya watumiaji wake, hivyo ukiita vfree wakati programu bado inatazama, kurasa hazitagawiwa mwingine mpaka programu hiyo iziachie. Ulinzi huo remap_pfn_range haina. Kwa hiyo ninashauri uiachie kazi ya kufungua rejista za kifaa na kumbukumbu iliyotengwa maalumu.

Ikiwa kadi yenyewe ndiyo inayoandika sauti kwa DMA, bila ya kichakataji kunakili, vmalloc haifai. Tumia dma_alloc_coherent, na uipe programu kwa dma_mmap_coherent, kwa sababu katika vichakataji vya ARM kurasa zilizofunguliwa kwa taratibu mbili tofauti za kache (hifadhi ndogo ya haraka ya kichakataji) zinaweza kuonyesha data ya zamani.

Sasa kuhusu bafa lenyewe. Draiva iandike sampuli kwanza, ndipo isogeze nambari ya nafasi, inayoonyesha sauti imefika wapi ndani ya bafa, kwa smp_store_release, inayohakikisha kuwa yaliyoandikwa kabla yake yanaonekana kwanza, na programu isome nambari hiyo kwa atomiki yenye mpangilio wa acquire, unaozuia usomaji unaofuata usiitangulie. Bila hayo, kichakataji kina ruhusa ya kuonyesha nambari mpya kabla ya sauti yenyewe kuonekana. Nambari yoyote ambayo programu inaweza kuiandika, draiva iisome mara moja kwa READ_ONCE, iinakili, na ikague nakala hiyo kabla ya kuitumia, kwani programu inaweza kuibadilisha baina ya ukaguzi na matumizi. Kwa kuwa programu zako zote mbili ni wasomaji, lililo bora zaidi ni kukataa ombi lolote lenye VM_WRITE (bendera ya ruhusa ya kuandika) na kuondoa VM_MAYWRITE (bendera inayokubali ruhusa hiyo iombwe baadaye) ili mprotect, ombi la programu la kubadilisha ruhusa, isiirejeshe baadaye. Kuanzia keneli 6.3 bendera hizo hubadilishwa kwa vm_flags_clear, si kwa kuziandika moja kwa moja.

Nakuomba pia upime haja yenyewe. Maikrofoni nne zenye sampuli 192,000 kwa sekunde, baiti 2 kila sampuli, hutoa baiti 1,536,000 kwa sekunde, na copy_to_user, inayonakili data kutoka keneli kwenda kwa programu, hubeba kiasi hicho bila ya kuhemewa. Kwa msomaji mmoja ningeandika read ya kawaida, inayonakili kwa njia hiyo. Kwa kuwa nyinyi mna wasomaji wawili wa data ileile, mmap ina hoja, ila haimwamshi anayesubiri: ongeza poll, njia ya programu kungoja data, yenye foleni ya kusubiri, ili programu zilale mpaka draiva iziite.