Kama kwenu kuna kijana aliyekwenda Vita vya Kagera asirudi

Kila inapokaribia tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, huwa wanakuja watu kuniuliza jambo lile lile. Wanajua kaka yangu alifia kwenye Vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, na kwamba nyumbani kwetu hapa Ngamiani, Tanga, hatujaacha kumsomea. Nao wana mjomba, baba mdogo au babu aliyekwenda vitani mwaka 1978 au 1979. Picha yake imetundikwa ukutani, lakini mtoto akiuliza huyu nani anajibiwa, "huyo alikufa vitani," basi, mazungumzo yameisha. Wanataka kujua waanzie wapi.

Anzeni na wazee, na msingoje Idi wala harusi ndipo mkutane. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati ule, leo angekuwa amepita 60. Wazazi wake wengi wametangulia. Waliobaki ni dada zake, wadogo zake, wajane waliokaa eda wakiwa bado wasichana, na wenzake wa kikosini. Ukimwendea mzee na kumwambia "nieleze habari za marehemu," atakuombea dua, atavuta pumzi, atanyamaza. Muulize vitu vidogo. Alikuwa anapenda chakula gani? Alilala na nani chumba kimoja? Alichapwa kwa kosa gani? Alikuwa na mchumba? Shangazi yangu nilimuuliza kaka alikuwa anavaa nini siku ya mpira, akanieleza mpaka magharibi: jinsi alivyokuwa akishabikia Coastal Union hata akasusa kula timu ikifungwa, jinsi alivyopanda treni kwenda Muheza kuchukua machungwa ya kuuza, na jinsi alivyompa mama pesa yote kisha jioni akaja kumwomba nauli. Mambo hayo hayapo kwenye karatasi yoyote ya jeshi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu wengi hawapendi niliseme. Mwelezeni alivyokufa kama alivyokufa.

Mtaani kwetu kulikuwa na hadithi kwamba kaka aliuawa na bunduki mkononi wakati Kampala inatekwa. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Habari za msiba zilikuwa zimeshatufikia kabla ya hapo. Mwenzake wa kikosini alipopata ruhusa alikuja hapa Tanga, akakaa barazani na baba, akamwambia ukweli: walikuwa ndani ya lori, usiku, taa zimezimwa ili adui asiwaone, barabara ina utelezi wa mvua, lori likapinduka. Baba alituita sote akatueleza hivyo hivyo. Hakuongeza risasi wala hakupunguza lori.

Nimekutana na familia zinazoona haya kwa kifo cha namna hiyo. Mtoto wao alikufa kwa ajali, au kwa homa kambini, basi wanatafuta hadithi yenye mizinga. Wajue hawako peke yao. Katika hesabu iliyoandikwa baada ya vita, askari wa Tanzania waliokufa ni 373, na waliouawa katika mapigano yenyewe ni 96. Wengine wote waliondoka kwa ajali na sababu nyingine. Ndivyo vita vilivyo: watu maelfu kwa maelfu, wengi wao mgambo waliotoka shambani na kiwandani, wanavuka mpaka pale Mutukula, wanatembea kwa miguu kwenda Masaka, ndani ya Uganda, mvua ya masika inawanyea, magari yanakwenda gizani. Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa Novemba 1978 kwamba sababu ya kumpiga Amin tunayo, nia tunayo na uwezo tunao, uwezo huo ulikuwa ni hawa vijana, pamoja na yule aliyekuwa amekaa nyuma ya lori. Alikwenda alikoamriwa kwenda. Hana upungufu wowote wa ushujaa unaohitaji kuzibwa na maneno yetu.

Tena ukimtungia kifo kingine, unampoteza mara ya pili. Wajukuu watamlilia mtu ambaye hakuwahi kuwepo, na yule aliyependa machungwa na mpira atakosa wa kumlilia. Mimi hili linaniuma sana, ndiyo maana nalirudia kila nikikaribishwa kwenye khitma ya watu.

Msiba usio na maiti una uzito wake. Sisi tuliweka matanga, watu wakaja, sala ya ghaibu ikasaliwa msikitini, lakini mama hakutulia. Alikuwa akisikia hodi usiku anaamka. Mashujaa wengi wa vita vile walizikwa Kaboya, wilayani Muleba, mkoa wa Kagera, na kutoka Tanga ni kama kuikata nchi nzima, kutoka bahari hata upande wa pili wa Ziwa Victoria. Mkiweza, mchangieni mmoja wenu aende. Ulizeni kwanza jeshini utaratibu wa kuingia, msifunge safari kwa kubahatisha. Kwetu alikwenda mdogo wangu wa kiume. Alisoma Yasini, akapiga picha, akarudi. Mama hakumuuliza habari za jiwe wala maandishi. Aliuliza kama mahali penyewe panafagiliwa. Alipoonyeshwa picha akasema alhamdulillahi, na tangu siku ile hakuamka tena kwa hodi za usiku. Sisemi kila mama atakuwa hivyo. Nasema safari ile ilimfaa wetu kuliko pole zote alizopewa.

Kuhusu karatasi nitasema kwa ufupi. Andikeni jina lake kamili, namba yake ya jeshi kama mnayo, kikosi, mwaka alioingia, na majina ya wenzake. Barua alizotuma zipigeni picha kwa simu, mzigawe kwa ndugu wote, maana nyumba moja ikiungua au ikivuja zote zimekwenda. Zile za asili msizipeleke kupigwa laminesheni, zitaharibika na hazitabanduka tena. Ziwekeni kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa nailoni, kwa sababu joto na unyevu wa pwani hii vikifungiwa ndani ya nailoni vinaotesha ukungu. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli nani ni nani. Kalamu ya wino inapenya mpaka usoni mwa mtu.

Na barua zisomeni. Watu wanazificha kama vyeti. Katika barua moja kaka aliuliza matokeo ya mpira kabla hajauliza afya ya mtu yeyote, halafu chini, kwa mwandiko wa haraka, akaandika: mwambieni mama nakula. Sentensi hiyo watoto wetu wote wanaijua.

Sherehe za tarehe 25 Julai nazipenda na huwa nawakalisha watoto waziangalie: mkuki na ngao, sime, upinde na mshale, shoka na shada la maua vikiwekwa kwenye mnara. Lakini pale panakumbukwa mashujaa wote kwa pamoja, na mtoto wako hawezi kumjua babu yake ndani ya neno "wote". Kazi hiyo ni ya nyumbani. Hapa Tanga tuna ushahidi wake karibu. Kuna makaburi ya vita vya Novemba 1914, Waingereza walipokuja kwa bahari na jeshi la Wahindi wakapigwa na Wajerumani na askari wao wa Kiafrika. Kuna majina yaliyochongwa na kutunzwa mpaka leo. Wachukuzi Waafrika waliobeba mizigo ya vita hivyo vyote walikufa makumi ya maelfu, na wengi wao hawana jina mahali popote. Walikuwa na mama zao pia, na kaka zao, na watu waliojua wanapenda kula nini. Hakuna aliyeandika.

Kwa wale ambao msiba wao ni mbichi, wake na watoto wa askari wetu waliouawa kwenye ulinzi wa amani, kama wale wa Semuliki, Kongo, tarehe 7 Desemba 2017, nawaomba jambo moja tu. Msimzuie mtoto kumtaja baba yake kwa kuogopa mama atalia. Kwetu shangazi mmoja alitukataza kulitaja jina la kaka mbele ya mama. Mama mwenyewe ndiye aliyemwambia, "Mwacheni anitajie, mimi nalitaja kila siku moyoni peke yangu." Akilia, mletee maji, kaa naye, endelea kusimulia.

Kama mmepata jina la mzee mmoja tu aliyekuwa kikosi kimoja na kijana wenu, nendeni kwake kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, hata akiwa anakaa Handeni au Lushoto ndani. Yule mwenzake kaka hayupo tena duniani. Karibu yote tunayoyajua kuhusu miezi ya mwisho ya kaka, mpaka jina la utani aliloitwa kambini, tuliyapata kwake alasiri ile moja aliyokaa na baba barazani, na baba alikuwa na busara ya kumwita dada yangu mkubwa aje na daftari.