Tenkaichi 3: gemu lililoamua kuitii katuni

Barua nyingi za karibuni zimehusu gemu moja: Dragon Ball Z: Budokai Tenkaichi 3, la kupigana, linalotokana na katuni ya Kijapani ya Dragon Ball, lililotengenezwa na kampuni ya Spike ya Japani na kutoka mwaka 2007 kwa PlayStation 2 na Wii. Nimechagua sita. Gemu hili nalipenda sana, lakini penye kasoro nitasema.

Kaka, kila nikikaa na wenzangu naambiwa hakuna gemu la Dragon Ball lililolifikia hili. Mimi naona picha zake zimepitwa na wakati. Linasifiwa kwa lipi? (Msomaji, Tanga)

Linasifiwa kwa sababu ukilicheza unajihisi umo ndani ya katuni yenyewe. Magemu mengi ya kupigana ya zama zile yaliwapanga watu wawili wakitazamana, mmoja kushoto na mwingine kulia. Hapa kamera inakaa mgongoni mwa mpiganaji wako, uwanja uko wazi pande zote, na unaruka angani utakavyo. Mwenzako akijificha nyuma ya mlima unampoteza, itabidi umsake. Ukimpiga pigo zito anapaa mbali, nawe unamkimbilia hukohuko kumwongezea jingine kabla hajatua. Wote wawili mkirusha miali kwa wakati mmoja, miali inagongana katikati na mnashindana kuzungusha vijiti vya pedi mpaka mmoja azidiwe.

Halafu kuna wahusika: 161, ukihesabu na maumbo yao mbalimbali. Wamo wa Dragon Ball ya mwanzo, stelingi Goku akiwa mtoto, wamo wa mifululizo iliyofuata ya Z na GT, na wa filamu, na hata Arale, yule binti wa roboti kutoka katuni nyingine ya Akira Toriyama, mtunzi wa Dragon Ball. Goku unamgeuza Super Saiyan, umbo lenye nguvu kuliko lake la kawaida, pigano likiendelea. Mkipigana Namek, pigo kubwa la mwisho linaweza kuiharibu sayari, mkamalizia pigano kwenye Namek inayokufa. Picha kweli zimezeeka. Lakini zilichorwa zifanane na katuni, kwa hiyo zimezeeka kwa heshima kuliko za magemu mengi ya miaka ile yaliyotaka kuonyesha watu halisi.

Nimelicheza wiki nzima. Wahusika wote wanapigana sawasawa, tofauti ni sura na sauti. Au nakosea? (Msomaji, Eldoret)

Hukosei sana, na hiyo ndiyo kasoro kubwa ya gemu hili. Kwenye pedi, kitufe cha mraba ni ngumi na mateke, pembetatu ni nishati, duara ni kujikinga, eksi ni kwenda kwa kasi, kwa kila mhusika. Aliyejifunza Vegeta siku moja anaweza kumshika Piccolo siku hiyohiyo bila shida. Spike walitaka wahusika wengi mno, na bei yake ndiyo hiyo: hakuna timu ingeweza kumtungia kila mmoja namna yake ya kupigana kama inavyofanyika kwenye Street Fighter.

Ila wiki moja bado ni mapema kulihukumu. Ubonyezaji wa mraba mfululizo ni mlango tu. Jaribu kukatiza mapigo yako kwa pembetatu, ukianza na pigo la pili au la tatu, halafu utazame kila mhusika anamalizia vipi: mmoja anamrusha adui juu, mwingine anamsukuma kwa nguvu ya ki, yaani nishati ya mpiganaji. Hapo tofauti zinaanza kuonekana. Kisha jifunze kutoweka. Pigo zito linapotaka kukufikia, bonyeza duara kwa wakati barabara. Utatoweka na kuibuka nyuma ya aliyekupiga. Naye akijua atafanya vivyo hivyo, nawe tena, naye tena, na kila mara ki inapungua, mpaka mmoja aishiwe apigwe. Wachezaji wawili wanaojua mchezo huo wakikutana, chumba kizima kinanyamaza kutazama. Hapo hesabu ya ki ndiyo inayoamua, na sura ya mhusika haina kazi.

Kitu ambacho gemu linakosea ni kutokufundisha hayo ipasavyo. Sehemu ya mafunzo ipo, lakini ni ndefu na kavu, na vijana wengi wanaiacha njiani.

Ndugu yangu hachagui mwingine ila Broly au Gogeta wa Super Saiyan 4. Mimi nampenda Yamcha. Nitashinda lini? (Msomaji, Morogoro)

Pole. Gemu limeamua kwamba aliye dhaifu kwenye katuni awe dhaifu na hapa pia. Mr. Satan hata kuruka angani hawezi, kwa sababu ni binadamu wa kawaida. Yale manyani makubwa wanayogeuka Wasaiyan, kabila la Goku, ukiyapiga ngumi za kawaida hayatikisiki. Stelingi ni stelingi, Yamcha ni Yamcha. Kwa haki ya mashindano huu ni udhaifu mkubwa, na anayetaka pigano la sawa kwa sawa ana sababu ya kulalamika. Mimi binafsi nauhesabu kuwa upande wa sifa: Yamcha akimwangusha Broly, nyumba nzima inapiga kelele, na kelele hiyo isingekuwepo kama wangekuwa na nguvu sawa.

Lakini usiteseke. Kwenye mapigano ya wawili tafuta yale ya DP. Kila mhusika amepewa pointi kulingana na uwezo wake, na timu haivuki jumla iliyowekwa. Ndugu yako akimchukua Gogeta, pointi zake nyingi zimekwisha; wewe unaleta kundi. Mwambie mcheze hivyo, akikataa ujue anakuogopa.

Nimeuziwa CD imeandikwa Tenkaichi 4. Ni halali? (Msomaji, Mombasa)

Hapana. Kwa PlayStation 2 Spike waliishia la 3. Ulichonacho ni Tenkaichi 3 lililobadilishwa na mashabiki, wakaongeza wahusika na nywele za rangi mpya. Baadhi ya kazi hizo ni nzuri kweli, zimefanywa na watu wanaolipenda gemu, lakini nyingine hukwama katikati ya pigano. Usilipie bei ya gemu rasmi.

Mimi ni mama. Mwanangu ana miaka tisa na analipenda gemu hili. Lina ubaya? (Msomaji, Moshi)

Shikamoo mama. Nchini Marekani lilipewa alama ya T, yaani kuanzia miaka 13, kwa hiyo swali lako ni la haki. Ni kupigana mwanzo mwisho. Nguo zinachanika na sayari zinalipuka, ila halina ukatili wa kukata watu viungo kama Mortal Kombat. Ningekushauri ukae naye ulitazame mwenyewe kwanza. Ukimruhusu, sehemu ya hadithi ndiyo pa kuanzia, ingawa ni fupi kuliko ya Tenkaichi 2 na inarukaruka matukio. Asiyeijua katuni hataelewa nani anamchukia nani na kwa nini.

Kuna Sparking! Zero ya 2024. Niuze PlayStation 2 yangu? (Msomaji, Dar es Salaam)

Sparking! Zero ndilo mrithi halali. Lilitoka Oktoba 2024, miezi michache baada ya Toriyama kufariki mwezi Machi, likiwa na wahusika 182 na picha zinazokaribia katuni yenyewe. Unacheza kwa mtandao na mtu aliye nchi nyingine, jambo ambalo Tenkaichi 3 ya PlayStation 2 haina. DP nayo wameibakiza.

Ila lilipotoka, wawili waliotaka kugawana skrini moja walipewa uwanja mmoja tu, kile chumba cheupe cha mazoezi. Gemu la 2007 linawapa viwanja vyake. Ni kweli skrini ikigawanywa wima kila mmoja anabaki na ufa mwembamba wa kutazamia, na kwenye televisheni ndogo macho yanauma. Mimi bado nauchagua ufa huo. Kama wapinzani wako wanakuja nyumbani na pedi mkononi, usiuze.