Nimeshtakiwa kwa Deni la Duka: Je, Niombe Kutangazwa Mufilisi?

SWALI: Ndugu Wakili, nina duka la vifaa vya ujenzi mjini Mbale, Uganda, nililolisajili kama jina la biashara tu. Mauzo yameporomoka, na Jumanne iliyopita nililetewa wito wa mahakama: msambazaji wa saruji ananidai shilingi milioni 42. Benki inanidai milioni 60 kwa rehani ya nyumba tunamoishi, na mkopeshaji mmoja wa mtaani anashikilia hati ya kiwanja changu. Kaka yangu ananishauri nimwandikishie kiwanja changu kingine, kisha niombe kutangazwa mufilisi ili madeni yote yafutike. Nifanye hivyo? – Mwenye Duka, Mbale.

JIBU: Ndugu Mwenye Duka, kabla ya kuwaza ufilisi, itazame tena karatasi uliyoletewa Jumanne. Ikiwa ni wito wa kesi ya muhtasari chini ya Amri ya 36 ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai, ambao huambatana na kiapo cha mdai kwamba huna utetezi, una siku 10 tu tangu ulipokabidhiwa kuomba ruhusa ya kujitetea. Ikiwa ni kesi ya kawaida, utetezi wako wa maandishi unatakiwa ndani ya siku 15. Siku hizo zikipita, mdai anaweza kupewa hukumu bila wewe kusikilizwa, na tangu hapo atakayebisha hodi dukani si msambazaji bali dalali wa mahakama. Nimewaona wengi walioziweka karatasi hizo kwenye droo pamoja na risiti, wakingoja mambo yatulie.

Kukosa fedha si utetezi. Hata hivyo, pitia hati za kupokelea mzigo na ujumbe wa malipo ya simu mmoja baada ya mwingine, kwa sababu mifuko iliyoganda ukairudisha, au malipo ambayo msambazaji hakuyaingiza katika hesabu yake, yanapunguza deni na yanakupa la kusema mahakamani. Kiasi unachokikubali, pendekeza kukilipa kwa awamu kwa hukumu ya makubaliano, lakini usitie saini awamu usizoziweza, maana kwa kawaida ukikosa moja tu deni zima hudaiwa papo hapo. Mwenye hukumu anaweza pia kuomba ufungwe jela ya madai, kwa muda usiozidi miezi 6, na ukitoka deni bado lipo.

Kwa kuwa duka si kampuni, deni lake ni lako mwenyewe, na ndiyo maana Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2011 inakuhusu. Sheria hiyo inakuruhusu, kabla ya kufilisika, kuomba mahakamani amri ya muda ya ulinzi inayowazuia wadai kwa siku chache huku ukiwapelekea pendekezo la kulipa walipigie kura. Ningeanzia hapo. Ufilisi wenyewe utakutaka ueleze chini ya kiapo mali na madeni yako yote, mali hiyo itoke mikononi mwako, na usiweze kuwa mbunge hadi utakapoondolewa katika ufilisi. Tena haumzuii mwenye rehani kuuza alichowekewa.

Kwa benki, basi, zungumza sasa. Sheria ya Rehani ya mwaka 2009 inaitaka ikupe notisi ya siku 45 za kazi urekebishe malipo, kisha nyingine ya siku 21 za kazi kabla ya kuuza. Chunguza pia kama mwenzi wako aliridhia rehani hiyo kwa maandishi, kwa kuwa ni nyumba ya ndoa.

Kuhusu kiwanja, sikubaliani na kaka yako hata kidogo. Uhamisho wa namna hiyo, uliofanywa wakati kesi imekwisha kufunguliwa, mahakama inaweza kuubatilisha, na kaka yako ataitwa kueleza alikulipa nini.

Kuhusu mkopeshaji wa mtaani, muulize leseni, kwa kuwa kukopesha bila leseni ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2016 inayowasimamia wakopeshaji fedha. Kisha soma ulichotia saini: baadhi yao humwandikisha mkopaji mkataba wa kuuza ardhi badala ya mkataba wa mkopo, na ikiwa wako ni wa namna hiyo, mpelekee wakili nakala yake siku ile ile utakayompelekea wito.