Maswali yenu kuhusu Blaise Diagne

Blaise Diagne alikuwa mbunge wa Senegal miaka gani?

Swali hili linaletwa kila mara, na kila mara limekosewa. Senegal ilikuwa koloni la Ufaransa, haikuwa na bunge wakati huo. Diagne alichaguliwa mwaka 1914 kuingia Bunge la Ufaransa, huko Paris, akakaa humo hadi kifo chake mwaka 1934. Waliompigia kura ni wenyeji wa miji minne tu: Dakar, Gorée, Rufisque na Saint-Louis. Mkulima wa bara hakuwa na kura. Jamani, acheni kumwita mwakilishi wa Waafrika wote.

Alitoka ukoo wa kitajiri?

Hapana. Baba yake alikuwa mpishi, yeye mwenyewe ofisa wa forodha.

Alifanya nini cha maana bungeni?

Swali kama hili ndilo ninalolitaka. Wenyeji wa ile miji minne walipiga kura, lakini maofisa walitaka kuwahesabu sawa na watawaliwa wengine, ambao mkuu wa wilaya aliweza kuwafunga bila kuwafikisha kwa hakimu. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Ufaransa ilihitaji askari. Diagne akashika hapo hapo: kama tunakwenda kufa kama Wafaransa, tuwe na haki kama wao. Sheria ya 1915 ikawaingiza katika jeshi la kawaida. Ile ya Septemba 29, 1916 ni sentensi moja tu, nayo inatamka kwamba wao na vizazi vyao ni raia wa Ufaransa. Wakabaki na sheria ya Kiislamu katika ndoa na mirathi. Ukitaka kumpima mbunge, anzia kwenye kazi kama hiyo, si kwenye habari ya kuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kuketi pale.

Ni kweli aliwauza Waafrika vitani?

Aprili 1917 askari wa Kiafrika walipelekwa Chemin des Dames, uwanja wa mapigano kaskazini mwa Ufaransa, kwenye baridi kali, wakafa kwa maelfu. Juni, katika kikao cha siri cha bunge, Diagne aliwashutumu majenerali kwa mauaji yale. Alijua kila kitu. Na bado, Januari 1918, Clemenceau, waziri mkuu wa Ufaransa, alipomtuma Afrika Magharibi kuandikisha askari zaidi, alikubali. Van Vollenhoven, gavana mkuu wa Afrika Magharibi ya Kifaransa, aliyepinga uandikishaji huo, alijiuzulu. Diagne alirudi na vijana zaidi ya 60,000, wengi wao wa vijijini, wasio na kura ya kumwondoa. Aliwaahidi mengi, na mengi hayakutimizwa. Ninamlaumu kwa hilo bila kusita. Na nyie mnaoshangilia mbunge akipewa cheo na serikali aliyoipinga jana, ulizeni kwanza ametumwa kufanya nini.

Uwanja wa ndege wa Dakar una jina lake?

Ndiyo, ule mpya uliofunguliwa Desemba 2017.

Nimesikia alitetea kazi za shokoa, yaani za kulazimishwa. Si uongo huo?

Si uongo. Mwaka 1930, Geneva, akiwa mjumbe wa Ufaransa kwenye Shirika la Kazi la Kimataifa, alizitetea. Zilifutwa mwaka 1946, kwa sheria iliyopelekwa bungeni huko huko Paris na Félix Houphouët-Boigny wa Ivory Coast.