Viatu vya watu saba kwenye korido nyembamba

Wiki iliyopita mliuliza: vitu vya mlangoni tunavihifadhije ili nyumba ipendeze tangu mgeni anapokanyaga kizingiti? Mimi niko Bombo, Uganda. Korido yangu ina upana wa sentimita 110, na tumo watu saba.

Kwetu haingii mtu na viatu ndani. Mvua za Machi zikianza, udongo mwekundu unagandamana kwenye soli mpaka uuondoe kwa kijiti. Sasa hesabu: kila mtu ana jozi ya kutokea na kandambili zake, halafu kuna miavuli, mabegi ya shule na helmeti ya baba watoto.

Kwanza nilinunua kabati la milango. Nilijuta. Lilikuwa na kina cha sentimita 40, na ukifungua mlango wake hakuna anayepita. Kibaya zaidi, viatu viliingia na unyevu vikafungiwa humo. Wiki mbili baadaye viatu vyeusi vya ngozi vya mume wangu vilikuwa vimeota ukungu mweupe hadi kwenye matundu ya kamba.

Nikamwita fundi seremala, nikampa kipimo: rafu ya kina cha sentimita 20. Kiatu cha mtu mzima hakitoshi humo kikilala, kwa hiyo alitega mbao kwa mshazari na kuweka kipapi kidogo cha kuzuia kisigino, kiatu kikakaa pua juu. Mguu wa rafu ni sentimita 15, ili tambara la kudekia lipite chini. Tulitumia mvule. Paini ni nafuu, lakini mchwa wa huku hawaisamehe. Mbele sikutaka milango tena. Nilitundika pazia la kitenge cha buluu na manjano. Hewa inapita, fujo haionekani, na kila anayeingia anakisifia hicho kitenge kabla hajaniamkia.

Ukutani nina kulabu za safu mbili. Ya juu ni ya wakubwa. Ya chini iko sentimita 90 kutoka sakafuni, na tangu niiweke kitindamimba wangu anatundika begi lake mwenyewe bila kuambiwa. Funguo zinakaa kwenye kikapu cha ukindu cha rangi, kazi ya kina mama wa Kinubi wa hapa hapa. Miavuli inaning'inia juu ya beseni.

Ila nilichokipenda kuliko vyote ni benchi fupi lenye mfuniko. Mama mkwe ana magoti mabovu. Zamani alikuwa anashika ukuta kwa mkono mmoja huku anavua viatu kwa mwingine, nami roho juu. Siku hizi namwambia, "Karibu Mama, keti hapo kwanza." Anakaa, anavua polepole, ananiuliza habari za watoto mmoja mmoja, na chai inatukuta bado tuko mlangoni.

Msomaji wenu, Bombo