Niache nyanya ili maumivu yapungue?

SWALI: Dada wa lishe habari za kazi. Nakaa Mbagala, nina miaka 41 na watoto wawili. Huu mwaka wa tatu mwili unaniuma kila sehemu, mabega, kiuno, mpaka vidole, asubuhi naamka nimechoka kama sijalala na tumbo nalo mara linajaa gesi mara linaharisha. Nimezunguka hospitali mpaka daktari mmoja akasema ni fibromayalgia, yaani ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima, dawa alizonipa zinasaidia kidogo. Sasa shoga yangu wa kwenye kikoba anasema niache kila kitu chenye glutameti, hata nyanya, ndo nitapona. Ni kweli? Na mchuzi bila nyanya naupikaje jamani?

JIBU: Pole sana mama. Maumivu yasiyoonekana kwenye eksirei yanachosha mara mbili, maana hata watu wa nyumbani wanaanza kukuona mvivu. Wewe sio mvivu, unaumwa.

Shoga yako hajakudanganya ila kapitiliza. Glutameti ndo ile inayofanya supu ikolee mdomoni, Mjapani Kikunae Ikeda aliitoa kwenye mwani mwaka 1908 na mwaka uliofuata ikaanza kuuzwa kama unga mweupe, leo imejaa kwenye vidonge vya supu, mchuzi miksi, tambi za pakiti, soya sosi na krispi za watoto. Nyanya na uyoga wanayo ya asili, hata maziwa ya mama yanayo nyingi tu, kwahiyo sio sumu na watu wengi wanaila bila shida. Ila mishipa ya fahamu nayo inaitumia glutameti kupelekeana taarifa, pamoja na taarifa za maumivu, ndo maana watafiti wakaanza kujiuliza kuhusu wagonjwa kama wewe.

Mwaka 2012 Kathleen Holton na wenzake huko Marekani waliwapa wagonjwa wa fibromayalgia wenye matatizo ya tumbo kama yako chakula chenye glutameti kidogo kwa mwezi mmoja. Waliomaliza walikuwa 37, na asilimia 84 kati yao walisema zaidi ya asilimia 30 ya dalili zao zimeondoka. Inatia moyo, lakini 37 ni watu wachache, tena mwaka 2014 utafiti wa Hispania kwa wanawake wenye ugonjwa huohuo haukuona maumivu yakipungua, japo wale waliachishwa tu glutameti ya kuongezwa na sukari bandia ya aspatemu, hawakubadilisha mlo mzima. Kwahiyo neno kupona mimi silisemi. Kujaribu nakuruhusu, kwa moyo wote.

Jaribu mwezi mmoja. Anza na vya pakiti, geuza nyuma usome, ukiona E621, ndo namba ya ule unga wa glutameti, au namba yoyote kuanzia E620 mpaka E625 rudisha dukani, na maneno kama dondoo ya hamira pia ni glutameti hiyohiyo imevaa nguo nyingine. Mama ntilie muulize bila aibu kama supu kaitia kidonge. Nyanya ya kopo acha kwa huo mwezi maana imekolea sana, nyanya mbichi moja kwenye sufuria ya familia mimi nisingekunyima, ila siku nyingine chukua samaki mbichi wa Feri umpike na tui la nazi, kitunguu saumu, tangawizi, bizari na ndimu ya kutosha, hapo hakuna atakayeuliza nyanya iko wapi. Maharage, mchicha, matunda, kula tu, maana ukikata kila kitu utabaki na wali mkavu na udhaifu juu ya maumivu.

Kila jioni andika kwenye daftari umelalaje na umeumwa kiasi gani, kwa namba 0 mpaka 10. Mwezi ukiisha rudisha kile kidonge cha supu siku mbili tatu uone, maumivu yakipanda umepata jibu lako, yasipopanda rudia mchuzi wako na usijilaumu. Na dawa usiache hata siku moja, hilo daftari mpelekee daktari wako mpange wote wawili cha kufanya.